Mkono Niliouacha Utetemeke

Namshukuru Mungu aliyeniumba kwa mavumbi, anayejua kila mshipa wa mwili huu na kila hofu inayopita ndani yake. Ameniacha hai nikashika kalamu, na jina lake lisifiwe. Siandiki haraka. Nilianza kurasa hizi mbaazi zilipokuwa zinatoa maua, na sasa zimekwisha kuvunwa, kwa sababu herufi zangu hujikunja zikawa ndogo kama sisimizi nisipozilinda. Basi huandika mistari michache, nikapumzika, nikaendelea kesho. Hata huo upole wa mwendo namshukuru Mungu kwa ajili yake, ingawa sikuuomba.

Naandika kwa ajili yako wewe uliyerudi kutoka hospitalini na jina la ugonjwa ambalo ulimi wako haujalizoea. Mimi si daktari. Ni mwalimu mstaafu, mwanamke wa miaka sitini na minane, niliyekuwa mzee wa kanisa katika vilima vilivyo juu ya mji wa Machakos. Watu huniita Mwalimu, au Mama Mutheu, kwa jina la binti yangu. Nitakueleza nilivyoogopa na nilivyodanganya kwa sababu ya kuogopa.

Ulianza wakati wa mvua za vuli, katika mkono wa kulia. Kidole gumba kilisugua kidole cha shahada, taratibu, bila kutumwa, kama mtu anayechambua ndengu. Nilidhani ni uchovu wa kupanda. Baada ya wiki mbili mkono mzima ulitetemeka nilipomimina chai. Mume wangu, Baba Mutheu, alitazama chai iliyomwagika mezani, kisha akanitazama mimi. Yeye ni mtu wa maneno machache, na wakati huo nilimshukuru kwa hilo.

Jumatano ya wiki hiyo nilikwenda kwenye ushirika wa akina mama. Kwetu tukiomba tunainua mikono. Niliinua yangu nikafumba macho, na ule wa kulia ukaanza. Rafiki yangu Syombua alikuwa amesimama kando yangu. Tuliolewa mwaka mmoja katika kijiji hiki, tukalea watoto pamoja. Nilisikia akipaza sauti.

"Bwana asifiwe! Tazameni mkono wa Mwalimu! Jameni, Roho ameshuka!"

Wakaanza kulia na kuimba. Mtu alipiga magoti mbele yangu, akaushika mkono wangu na kuuweka kichwani pake. Ulitetemeka pale juu ya kitambaa chake, na nyimbo zikazidi.

Nilijua. Hapo nataka unisikie vizuri. Nilijua kwamba mkono huo ulikuwa umetetemeka asubuhi nikichunga unga, na jana yake nikifunga vifungo. Ningeweza kufumbua macho na kusema, "Dada zangu, mimi ni mgonjwa." Sikusema. Jumatano iliyofuata kulikuwa na wagonjwa wanne kwenye benchi la mbele, wakiningoja.

Ukiniuliza kwa nini nilinyamaza, nitakujibu kwamba tangu nistaafu hakuna aliyesimama nilipoingia mahali. Sasa walisimama. Lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa hofu. Mama yangu mkubwa aliwahi kutetemeka hivyo, na mwisho wake alilishwa uji kwa kijiko akiwa ameinamisha kichwa, watu wakizungumza juu yake kana kwamba hayupo. Kama kutetemeka kwangu ni kwa Roho, basi si kama kule kwake. Nilifika mahali pa kuomba hivyo kabisa: Bwana, naomba iwe ni wewe.

Siku nyingine zote niliuficha mkono huo. Niliufunika kwa leso, niliukalia, niliubana kati ya magoti. Nilishika mkoba kwa nguvu hadi vidole vikafa ganzi. Kadiri nilivyoubana ndivyo ulivyosubiri niuachilie ili ufanye vibaya zaidi.

Mambo mengine yakafuata. Siku moja nilikaa jikoni kando ya chungu cha isyo, mahindi na maharagwe yanayochemka pamoja, yakaungua hadi moshi ukanitoa machozi, na pua yangu haikunusa kitu. Sauti yangu ikapungua. Uso ukakaza. Mjukuu wangu alikuja likizo kutoka Kithimani, akanitazama kwa muda, kisha akauliza, "Susu, mbona umenikasirikia?" Nami nilikuwa nikimtabasamia. Nilikwenda mbele ya kioo nikajaribu tena tabasamu lile. Kiooni sikuona tabasamu.

Lililonitisha kuliko yote ni miguu. Nilikuwa nikitembea vizuri, na nikifika mlangoni inaganda. Naiambia twende, haiendi, ni kama nimesimama katika saruji mbichi. Mwili wa juu unaendelea mbele na miguu imebaki. Nilianguka mara ya kwanza kizingitini mwa jikoni, nikakaa pale chini nikiwa na hofu ya kuinuka, maana anayeinuka anaweza kuanguka tena.

Baba Mutheu alianza kunifunga vifungo vya gauni asubuhi bila kuombwa. Lakini Jumatano moja, nikiwa nimevaa tayari, aliketi chini akaweka kofia yake mezani.

"Leo siji hata kukusindikiza," alisema.

"Unaumwa?"

"Anayeumwa ni wewe. Sitaketi pale nje nikisikia wakikushangilia."

"Si mimi ninayewaambia washangilie."

"Huwaambii waache pia."

Siku zile tulikula chakula chetu kimya, tukisikia vijiko tu, na changu kikigonga sahani kama mtu anayebisha hodi.

Mutheu, binti yetu, ndiye aliyenipeleka hospitalini mwezi wa Januari, wakati wa jua kali. Hujui urefu wa asubuhi mpaka uketi kwenye benchi la mbao ukiwa na kadi ya namba mkononi, faili kwenye mapaja, na nesi anayeita majina ya watu wengine. Nilihesabu vigae vya sakafu. Niliwatazama waliotangulia. Kulikuwa na mzee mmoja katika kiti cha magurudumu, mate yakimtoka, na bintiye akiyafuta bila kuacha kuongea kwa simu. Nilimwangalia yule binti, kisha nikamwangalia Mutheu.

Daktari alinitembeza kwenye ukumbi, akanikunja viwiko, akanitaka nigonge kidole kwa kidole. Alisema ni ugonjwa wa Parkinson. Alisema kwa upole kwamba dawa zitanisaidia lakini hazitauondoa. Mutheu aliandika kila neno. Mimi nilisikia lile moja tu, hautaondoka, na tangu hapo siku zangu zikapimwa kwa vidonge: cha saa moja asubuhi, cha saa saba, cha saa moja jioni. Kabla ya kila kidonge kulikuwa na nusu saa ambayo mwili ulifunga milango yake yote, nami nikangoja ndani.

Njiani kurudi, Mutheu alisema, "Mama, hamia kwetu Kithimani. Kule hakuna mteremko."

"Na Jumatano?"

"Jumatano gani, Mama? Bado utaendelea na hilo?"

Niliendelea. Niseme kweli, niliendelea tangu Januari hadi baridi ya Julai.

Katika kliniki ya pili, benchi lilelile, nilikuwa nimeukalia mkono wangu kama kawaida. Mzee mmoja mwembamba aliyeketi karibu, kofia yake ikirukaruka juu ya goti, aliniinamia, akaniita mama kwa lugha yetu.

"Mwaitu, huo mkono umeuiba wapi mpaka unauficha hivyo?"

"Sijauficha."

"Umeukalia."

Mutheu alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Januari, na kwa ajili ya kicheko hicho nilimsamehe yule mzee ufidhuli wake. Jina lake Kimeu, mtu wa upande wa Kinanie. Alikuwa na ugonjwa huu kwa mwaka wa sita. Nesi alipomwita, sikuamini nilichokiona. Sisi wengine tulipoinuka tulijisukuma, tukashindwa, tukajisukuma tena. Yeye hakujisukuma. Alirudisha miguu chini ya benchi, akavuta pumzi, akainama mbele kama anayetaka kuchungulia kisima, na mwili ukainuka wenyewe. Kisha akaenda polepole, akiumwaga uzito wake kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

Alipotoka nilimwuliza alikojifunza.

"Kwa Wachina," alisema. "Nilifanya kazi ya kutunza mitambo katika kiwanda cha nguo, Athi River. Fundi wetu mkuu alikuwa mzee Mchina, tulimwita Fundi Lin. Kila asubuhi kabla ya kengele alikuwa nyuma ya stoo akicheza hivi. Mimi nilianza kwa kumcheka. Nikamwiga kwa kumcheka. Miaka minane ikaisha nikiwa nimejua."

"Si ni mambo ya mapepo hayo? Mimi ni mzee wa kanisa."

"Na mimi naimba besi katika kwaya ya kanisa letu miaka thelathini. Sasa tumejuana. Inuka."

Alinifundishia nyuma ya wodi, karibu na kamba za kuanikia mashuka. Alinieleza kwamba ni zoezi linalotokana na mafundisho ya kale ya watu wa kule, wanayoyaita Tao, yaani namna vitu vyote vinavyokwenda bila kusukumwa. Maji, pumzi, majira, na mtu anavyozeeka. Fundi Lin alimwambia kwamba uzee ni kushuka mlima, na anayeshuka akiwa amekaza magoti kama anayepanda ndiye anayeanguka.

"Na huyo Tao ni mungu wao?" niliuliza.

"Sikumwuliza hilo, Mwalimu. Nilimwuliza nisimameje."

Nilisimama alivyoniambia, magoti laini, mabega chini. Nikainua mikono kama inayobebwa na maji. Wa kushoto ulipanda. Wa kulia ulikuwa ngumi.

"Fungua," alisema.

"Utatetemeka."

"Si utetemeke? Unapigana na mkono wako mwenyewe, nani atashinda? Aki ninyi walimu. Hata ugonjwa mnataka uketi wima na kunyamaza."

"Watu wataona."

"Waone nini? Wewe unawaonyeshaga nini?"

Nilitazama mashuka yale, nikahisi aibu ikinipanda kutoka miguuni. Sikufungua siku ile.

Nilikwenda nyumbani na mashaka mengi. Nimesomeshwa dini. Nilihudhuria mafunzo ya wazee wa kanisa kwa miaka mitatu, na nimewahi kusimama mbele ya vijana kuwaonya wasichukue kila kinachotoka nje. Niliomba juu ya jambo hili kwa wiki nzima. Jibu lilikuja nikiwa naangalia matuta yetu.

Mimi nilifika hapa nikiwa bibi arusi, na mteremko huu ulikuwa na korongo lililomeza mahindi kila mwaka. Tulijaribu kulizuia kwa mawe. Mvua kubwa ikaja ikayabeba mawe na udongo pamoja. Ndipo tukaanza mwethya, kikundi cha kulimiana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, tukachimba matuta ya fanya juu, tukitupa udongo upande wa juu, mtaro baada ya mtaro, kilima kizima. Hatukuyazuia maji tena. Tuliyafanya yatembee polepole hadi yakazama katika udongo yenyewe. Nilikuwa nimefanya hivyo kwa jembe nikiwa na miaka ishirini na mitatu, Syombua upande mmoja nami upande mwingine. Sasa, katika mwili wangu, nilikuwa nimerudi kurundika mawe.

Kwa hiyo nilichukua zoezi, na nikiinua mikono namwomba Yesu, si mwingine. Lakini siwezi kusema sikuchukua na wazo pia. Kutolazimisha. Mungu alikuwa amenifundisha hilo shambani zamani, nikalisahau, akamtuma Mchina kunikumbusha kupitia kwa Mkamba mcheshi.

Nilianza mwanzo wa masika, alfajiri, kwenye tuta lililo chini ya nyumba. Ukingo wa tuta ni mrefu kama mtoto wa miaka kumi, na nilijiona tayari nimelala chini na nyonga imevunjika. Mguu wa kulia uliganda. Nikaambiwa na kila kitu ndani yangu niuvute. Badala ya kuuvuta nikaumwaga uzito kushoto, nikangoja, nikapumua, na mguu ukaja. Nilipogeuka nikamwona Baba Mutheu kwenye tuta la chini, hatua mbili kutoka kwangu, akipalilia mahali pasipokuwa na magugu. Hakuinua macho. Kila asubuhi baada ya hapo alikuwepo, akilima palepale, hadi pakawa kama pamefagiliwa.

Mwili ulianza kunirudia kidogo. Niliweza kugeuka bila kuanguka. Lakini ngumi ya kulia ilibaki ngumi, kwa sababu kila nilipotaka kuifungua niliona lile benchi la mbele la Jumatano.

Ikafika Julai, ukungu mzito na baridi inayoingia kwenye viungo. Mtu aliyekwenda kuteka maji aliniona. Katika siku tatu habari ilikuwa imezunguka kilima kizima: Mwalimu anacheza kilumi, ngoma ya kale ya kupandisha pepo, tena bila ngoma. Ajabu ni kwamba ulikuwa mkono uleule. Jumatano ulikuwa wa Roho, siku nyingine ukawa wa mapepo, na hakuna aliyefikiri kwamba unaweza kuwa wangu tu, nao ni mgonjwa.

Syombua alipanda hadi kwetu Jumatatu jioni, akihema, kunitetea.

"Nimewaambia wafunge midomo," alisema kabla hata ya kuketi. "Nimewaambia, mtu ambaye mkono wake ulinitoa presha atacheza na mapepo namna gani? Watu wako na wivu, Mwalimu."

"Ulikutoa presha?"

"Kwani hujui? Siku ile ya kwanza ya masika ulinishika hapa," akagusa paji la uso. "Nikasikia moto. Sijameza kidonge tena. Niliwapa kuku chupa wachezee."

Nilihesabu kwa vidole. Miezi mitatu.

"Syombua, rudi umeze dawa yako. Leo."

"Aii, unanipima imani!" Alicheka, akanipiga begani. "Sitaanguka kwa mtihani huo."

"Sikupimi. Nakuambia umeze."

"Sawa, Mwalimu, nimekusikia," alisema, akinikonyeza kama tulivyokonyezana tukiwa mabibi arusi. Akaaga. Nilimsindikiza kwa macho. Penye kona ya njia alisimama, akashika uzio kwa mkono mmoja na kichwa kwa mwingine, akakaa hivyo kidogo, kisha akaendelea. Nilimwita. Sauti iliyokuwa ikinyamazisha darasa la watoto hamsini haikufika hata kwenye lango langu.

Sijawahi kuogopa kama siku ile. Nilikuwa nimeuogopea mwili wangu kwa miezi minane, na kumbe mwili uliokuwa ukingoni ni wa mwingine, na aliyeusogeza pale ni mimi.

Kesho yake mchungaji alikuja. Ni kijana, umri wa mwanangu wa mwisho kama ningekuwa naye. Alikunywa chai, akazunguka maneno.

"Mama, watu wanasema mambo kuhusu asubuhi zako."

Nilimweleza yote: Kimeu, Fundi Lin, Tao, matuta. Alisikiliza vizuri.

"Unapofanya hivyo unamwomba nani?"

"Yule ninayemwomba siku zote."

"Basi mimi sina neno. Nitawaambia ni mazoezi ya hospitali."

Alitaka kuinuka. Ningeweza kumwacha aende. Nilisema, "Mchungaji, kaa. Kuna jambo baya kuliko hilo," nikamwambia la mkono, na la Syombua.

Aliweka kikombe chini kwa uangalifu mkubwa. "Mama, mimi niliandika katika ripoti yangu kwa wakubwa kwamba Roho anatembea kwetu. Wanakuja mwezi ujao kuona." Akasugua magoti yake. "Hivi, lazima iwe mbele ya watu wote? Si tumwambie mama huyo peke yake, kwa siri? Kanisa lisiumie."

Ninakiri nilifurahi. Nilikuwa nimefungua kinywa kukubali, ndipo Baba Mutheu, ambaye sikujua kama yuko mlangoni, akasema:

"Walioona ni wote. Waambiwe wote."

Usingizi sikuupata hadi Jumatano. Nilifika ushirikani mapema, nikameza kidonge changu, nikaketi. Walikuwa wengi kuliko kawaida, wengine wamekuja kuona kama pepo litanishinda mbele za Mungu. Syombua alikuwa benchi la pili, uso umevimba kidogo. Mchungaji aliniita mbele, na sauti yake haikuwa imara.

Miguu iliganda hatua tatu kabla ya kufika. Sikuivuta. Nilimwaga uzito kushoto, nikangoja watu wote wakinitazama, nikapumua, ikaja. Nikasimama na magoti laini. Kisha nikautoa mkono chini ya leso, nikaufungua, nikauacha.

Ulitetemeka hadi bega. Wakapaza sauti mara moja. "Bwana asifiwe!" Makofi, wimbo.

"Hapana," nilisema. Hawakusikia. Nilijua nikijaribu kupiga kelele sauti itakatika, kwa hiyo sikupiga. Nilisimama tu. Nilirudia polepole, kwa sauti ile ndogo niliyo nayo, na aliyekuwa karibu akanyamaza ili asikie, na wa nyuma yake akanyamaza, hadi nyumba yote ikatulia.

"Huu ni ugonjwa," niliwaambia. "Unaitwa Parkinson. Ninameza vidonge vitatu kwa siku. Haukuwa Roho siku ya kwanza wala siku nyingine yoyote, na siku ya kwanza nilijua. Sikuponya mtu. Syombua, dada yangu, rudi kwa dawa yako. Nakuomba. Sikupimi."

Kisha sauti moja kutoka nyuma ikauliza, "Kwa hivyo ulikuwa unatucheza, Mwalimu?"

"Ndiyo," nilisema.

Syombua alisimama, akachukua mkoba wake, akatoka bila kunitazama.

Alikwenda moja kwa moja zahanati. Walimpima, wakampima tena kwa kutoamini mashine, wakampeleka hospitalini, akalazwa siku nne. Mwanawe alikuja langoni kwetu. Hakutusalimu. Alisema, "Daktari amesema ilibaki kidogo tu," akaondoka. Nilikaa chini palepale langoni.

Niliacha uzee wa kanisa, na walinikubalia. Baadhi ya wanawake walihama ushirika. Wakubwa wa mchungaji hawakuja. Lakini Jumapili ya kwanza baada ya hapo Baba Mutheu alivaa koti lake, akaketi kando yangu.

Mara mbili nilikwenda kwa Syombua, mara mbili nikaambiwa hayupo, na niliona kivuli chake dirishani. Nilitaka kwenda mara ya tatu. Kimeu, tulipokutana kliniki, alinikataza.

"Umeshasema," aliniambia. "Sasa usimsukume akusamehe ili wewe upumzike. Kaa mahali anapoweza kukuona akitaka."

Hilo ndilo zoezi gumu kuliko yote niliyofundishwa. Mbaazi za mwaka ule zilivunwa, kiangazi kikapita, madaktari wakanibadilishia kipimo cha dawa mara mbili. Kila alfajiri nilikuwa kwenye tuta, mkono wazi. Haukuacha kutetemeka, ila ulianza kutulia haraka zaidi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akipigana nao. Kwenye benchi la hospitali niliuweka juu ya faili, kila mtu auone. Bado naogopa. Naogopa kijiko cha uji na ngazi, na siku ambayo Baba Mutheu hatakuwepo kulima palepale. Nakuambia hili usije ukadhani hofu yako ni upungufu wa imani. Ila usiipe hofu kazi ya kukusemea mbele za watu. Na dawa yako uimeze.

Mvua za vuli ziliporudi, Syombua alikuja. Nilikuwa nachagua mbegu uani. Alisimama upande wa pili wa ungo, amebeba kadi yake ya kliniki.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Nakuambia ili usije ukafurahi bure."

"Sijafurahi."

Aliitazama kadi, akaipindua, akaipindua tena. "Nimetoka kupimwa sasa hivi. Imeshuka. Nesi ameniambia nikamwambie mtu wangu habari njema." Akaikunja kadi. "Nikapita nyumbani kwangu wote wakiwa ndani, nikaja hapa."

Alivuta kigoda, akaketi, akaanza kuchagua mbegu upande wake wa ungo, na hatukuzungumza tena hadi tulipomaliza.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu aliyeuumba mwili wako aulinde kila unapoinuka na kila unapoketi. Akupe mtu wa kungoja nawe kwenye benchi. Akupunguzie hofu kwa kadiri unavyoweza kuibeba, na ulichokificha akupe siku ya kukitoa bila kuvunjika. Na kama kuna uliyemkosea, amtunze mtu huyo akiwa hai hadi siku atakapopanda njia ya kwako. Amina.